Mguu mmoja ukivimba, pimeni yote miwili

Dada yangu mdogo alijifungua kwa upasuaji. Wiki ya tatu shavu la mguu wake wa kushoto likaanza kuuma. Tukatoka mtaa wa Umoja, Nairobi, usiku, tukampeleka idara ya dharura ya hospitali moja ambayo sitaitaja. Aliyempokea aliubonyeza mguu juu ya leso, akasema misuli imekaza, akamwandikia dawa za maumivu na mafuta ya kuchua. Hakuuliza mtoto ana umri gani, ingawa wiki za baada ya kujifungua damu huweza kuganda kwenye mshipa wa mguu, na bonge hilo likapanda hadi mapafuni. Siku mbili baadaye dada alikuwa akihema kwa kupanda ngazi za ghorofa ya kwanza tu.

Hospitali ya pili, tabibu alitoa tepu, ile ya fundi wa nguo. Akatafuta kinundu cha mfupa chini ya goti, akashuka sentimita 10, akazungusha. Kushoto 38, kulia 34. Tofauti ikizidi 3, shaka ya bonge la damu inaanza. Kisha maswali: "Mama, ulipasuliwa lini? Umelala kitandani siku ngapi? Umekohoa damu?" Mapigo ya moyo yalikuwa 112. Hayo ndiyo yanayohesabiwa katika vigezo vya Wells, orodha ya alama ambayo madaktari hukadiria nayo uwezekano wa bonge, na hayamgharimu mgonjwa hata shilingi.

Ndiyo maana nakereka na mtindo wa kukimbilia kipimo cha damu cha D-dimer, kinachotafuta mabaki ya damu iliyoganda. Kina kazi yake: mgonjwa mwenye dalili hafifu, kikitoka chini, anaweza kurudi nyumbani bila kupigwa picha. Lakini ujauzito, upasuaji, maambukizi na saratani vyote hukipandisha. Kwa dada kingepanda, tungelipa, na tungebaki palepale.

Alipelekwa moja kwa moja kwenye altrasaundi. Nilisimama kando ya skrini. Vena, yaani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, ikiwa haina tatizo na ikabonyezwa na kile kifaa, hufumba kama mdomo. Yake ya pajani ilikataa kufumba: bonge la damu lilikuwa ndani. Kwa kuwa alikuwa akihema na presha yake imetulia, bonge lile la mguuni lilitosha kueleza kwamba mapafu nayo yameguswa, maana dawa ya kuzuia damu kuganda ni ileile. Alidungwa sindano ya kwanza usiku huohuo, bila kusubiri picha ya CT ya kifua.

Najua idara za dharura Nairobi zimelemewa, foleni nimeipanga mwenyewe. Kupima miguu miwili ni dakika moja. Nawe unayempeleka mtu wako, usingoje kuulizwa: taja tarehe ya upasuaji, plasta ngumu aliyofungwa mguuni, safari ndefu ya basi, vidonge vya kupanga uzazi.