Si kila gari linahitaji msasa wa maji

Jamani mafundi wetu, tuongee. Dada yangu alipeleka gari lake, Toyota IST nyekundu, gereji, shida yenyewe ilikuwa vile vimikwaruzo vya duara vinavyoletwa na kuoshewa gari na matambara machafu, basi. Akaambiwa dawa ni msasa wa maji gari zima, yaani kusugua rangi kwa karatasi ya msasa iliyoloweshwa maji. Gari likarudi linang'aa mpaka unajitazama kwenye mlango, mtaa mzima ukasifia. Mwaka haujaisha boneti limepauka, na ukingoni juu ya taa umetokea mstari wa kijivu. Ile ni praima, lile tabaka la chini ya rangi. Rangi yote imeondoka pale.

Kinachoniuma ni kwamba watu hawaambiwi klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi linalofunika rangi, ina unene gani. Klia ya kiwandani mara nyingi ni maikroni (elfu moja ni milimita moja) 40 mpaka 50 hivi, unywele wa kichwani kwako ni mnene kuliko hiyo. Na ndani ya klia ndimo kuna kinga ya jua! Sasa fundi anashuka na msasa namba 1500 (namba ikipanda msasa ni laini zaidi), halafu 2000 ifute alama za 1500, halafu 3000 ifute za 2000, halafu kampaundi, ile dawa nzito ya kung'arishia, nayo inakula yake, kila hatua inaondoa kitu na hakuna hatua inayorudisha. Wengine ndio kabisa, wanatoka 1500 wanaruka moja kwa moja kwenye mashine ya kung'arishia, inabidi waikandamize sana ili alama zitoke, bodi linapata moto, na kwenye kingo ambako rangi huwa nyembamba tangu kiwandani unamaliza klia kwa sekunde chache. Bampa za plastiki ndio usiseme, joto halina pa kwenda. Na ukishapunguza klia kiasi hicho halafu gari linalala nje na jua la Dar, boneti na paa ndivyo vinaanza kwenda.

Sawa, nakubali, gari lililopigwa rangi upya msasa wa maji ni halali yake. Gereji zetu nyingi ziko wazi, vumbi linatua kwenye klia mbichi, na rangi inakauka na vile vijishimo vya ganda la chungwa, na fundi anayejua anakuwa ameshaongeza koti (matabaka) za klia kwa ajili hiyo. Nimemtazama mzee mmoja akifanya, nilisahau hata kilichonipeleka. Karatasi imelowekwa kwenye ndoo yenye tone la sabuni, imezungushiwa kipande cha mpira kigumu, hatumii vidole vitupu maana vidole vinachimba mifereji. Anapita kidogo, anafuta maji, anainama kuangalia. Palipo juu pamefifia, vishimo bado vinang'aa kama nukta. Nukta zikiisha anaacha hapohapo, hata mkono mmoja wa ziada hapigi. Kingo zote ameziba na tepu. Na anaangalia yale maji, kwenye gari jekundu lenye klia tope linatakiwa liwe jeupe, likianza kuwa jekundu ujue klia imekwisha upo kwenye rangi. Huyo mzee namheshimu sana.

Lakini vimikwaruzo vya kuoshea vinatoka kwa kampaundi laini na polishi tu, kwa mashine inayotikisika huku inazunguka, haichomi ovyo kama ile ya kuzunguka tupu. Kwa nini uanze na msasa? Kwa sababu unang'aa haraka na mteja analipa akiwa anacheka.

Kipima unene wa rangi kipo, kidogo kinaingia mfukoni, na gereji inayochukua kazi za watu kila siku haina sababu ya kukikosa. Kweli kinasoma rangi yote kwa pamoja, hakitengi klia peke yake, ila ukipima kabla na baada unajua umekula kiasi gani. Mwambie fundi apime mbele yako boneti, paa na milango. Akigoma, chukua ufunguo wako uondoke.

Na mnaonunua magari kwenye yadi za kuuzia, gari jeusi linalong'aa chini ya taa lisiwatishe. Kuna polishi zinazojaza mikwaruzo bila kuitoa, ukiosha mara mbili tatu yote inarudi. Omba lisogezwe juani, futa sehemu ndogo kwa spiriti kwenye kitambaa safi, kisha angalia kwa pembeni kabla hujatoa hela.