Kamera ya mtiririko wa damu na mtu mwenye figo moja

Wanaotaka fedha za vyumba vya upasuaji Unguja na Pemba zitangulie kwenye mambo ya msingi hawakukosea: kamera ya kuonesha mtiririko wa damu wakati wa kuondoa uvimbe wa figo kwa matundu madogo ni ghali, na majaribio ya kulinganisha yaliyohusu watu wenye mafigo mawili mazima hayakupata tofauti kubwa baina ya waliobanwa ateri kuu ya figo, yaani mshipa unaolipelekea damu, wakati wa kukatwa, na wasiobanwa. Ila hao ndio wagonjwa wenye akiba ya figo la pili.

Mafigo mawili hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, ndiyo maana daktari aghalabu huibana ateri kuu kabla ya kukata, kisha hukimbizana na saa, kwani figo lisilopata damu likiwa na joto la mwili huingia hatarini dakika 25 hadi 30 zikipita. Kamera humruhusu kubana tawi moja tu, lile linalolisha uvimbe. Mtaalamu wa usingizi hudunga mshipani miligramu chache za indosianini ya kijani, rangi inayoshikamana na protini za damu na kung'aa chini ya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Muda mfupi baadaye figo huwaka kijani kwenye skrini, na kipande kilichobanwa hubaki cheusi. Weusi usipoufunika uvimbe wote, daktari hujua kabla ya kukata kwamba lipo tawi jingine.

Sasa tumfikirie aliyebakiwa na figo moja, au ambaye kisukari na presha vimekwisha kuyachosha yote mawili. Kwake kipande kidogo kilichookolewa huweza kuwa ndicho kinachomtenga na mashine ya kusafisha damu, ambayo kwa kawaida humtaka mgonjwa mara tatu kwa wiki, kiasi cha saa nne kila mara. Hata mashine ingekuwa Chake Chake, mtu wa Makangale, kaskazini mwa Pemba, angekuwa njiani siku tatu za kila wiki, akienda na kurudi, na aghalabu na mtu wa kumsindikiza aliyeacha shamba au dau lake. Gharama hiyo haiandikwi kwenye hesabu ya chumba cha upasuaji.

Kweli, mwanga huo hupenya milimita chache tu, na ukali wa kijani hubadilika kwa kipimo cha dawa na umbali wa kamera, hivyo anayeusoma kama kipimo kamili cha damu anajidanganya. Rangi yenyewe, iliyoanza kutumika hospitalini miaka ya 1950, si ngeni. Kinachogharimu ni kamera. Lakini kamera hiyo hiyo huonesha njia za nyongo katika upasuaji wa kibofu cha nyongo, na damu kwenye utumbo ulioungwa. Kuinunulia figo peke yake kungekuwa israfu. Pale mtambo wa matundu madogo unapochakaa na kuhitaji kubadilishwa, kuagiza wenye infraredi si israfu.