Majengo haya mawili si ndugu
Kuna makala niliyosoma ambayo mwandishi wake ameweka kapu moja, kana kwamba ni mtindo mmoja wa ujenzi, mnara uliosanifiwa na Philip Johnson, New York (1984), na makumbusho yaliyosanifiwa na Frank Gehry, Bilbao, Uhispania (1997). Hapana jamani. Mnara ule ni usasaleo, mtindo wa kurudisha mapambo ya kale kwenye jengo la kisasa: ofisi za kawaida zilizovikwa graniti ya waridi, kileleni pembetatu yenye tundu la duara kama kabati la kizamani. Unakopa ya kale waziwazi. Huku Mikindani, fundi akitia mlango wa nakshi kwenye nyumba ya tofali za saruji, kafanya vilevile, nami napenda. Bilbao ni udenguzi, mtindo wa kuvunjavunja umbo la kawaida la jengo: vibamba vya titani, madini mepesi, ambavyo unene wake haufiki nusu milimita, vinameta kama magamba ya changu, na huoni ukuta unapoishia paa likaanza.