Ndoo ya ishirini na moja

Tangu mafuriko ya Aprili na Mei 2024, wingu likitanda tu Nairobi tunagawanyika kambi mbili. Ya kwanza husema mafuriko ni ya joto la dunia, tunalipia moshi wa nchi tajiri. Kenya hutoa sehemu ndogo mno ya gesijoto za dunia, na umeme wetu mwingi ni wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo, lakini mto ukivimba Mathare, wanaozika ni sisi. Sina ubishi na hilo. Ndiyo hoja iliyojaza ukumbi wa KICC Nairobi kwenye mkutano wa tabianchi wa Afrika Septemba 2023, na isiachwe kudaiwa.

Kambi ya pili huulizia mitaro ya mji wetu wenyewe. Hawa huambiwa wanawatetea wachafuzi. Naona wanaonewa.

Wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi linalopima mchango wa joto la dunia katika majanga ya hali ya hewa, walizichunguza mvua za msimu ule, wakakadiria kwamba joto la dunia lilizizidisha kwa takriban asilimia 5, tena wakakiri kuwa kadirio lenyewe lina mashaka makubwa. Asilimia 5! Yaani kama mbingu ingekumwagia uani ndoo ishirini, ongezeko ni ya ishirini na moja. Utasema hiyo moja ndiyo inayofurika, na kweli, mtaro ukishajaa hata kikombe ni kingi. Lakini zile ishirini zilikuwa zije vyovyote vile. Tulizitengea njia gani?

Nenda mtaa wa South C mvua ikinyesha. Udongo mweusi wa upande ule ukishalowa haunywi tena, nasi juu yake tumelaza saruji na kabro hadi mlangoni. Mitaro ni ya mji uliokuwa mdogo, na imezibwa na chupa za plastiki. (Mifuko ilipigwa marufuku 2017; chupa zikashika zamu.) Wala si joto la dunia lililopitisha ramani ya ujenzi ya South End Mall pale Lang'ata, jengo lililobomolewa Agosti 2018 kwa kukalia ardhi ya mto.

Mwaka 2024 tingatinga zilielekea kwa wenye mabati. Agizo lilikuwa watu wahame mita 30 kutoka mtoni, na Rais akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia. Kwa mtu aliyepoteza godoro, sufuria, sare za watoto na chumba chenyewe, hizo ni kodi ya miezi michache, kama atapata chumba. Wengine walirudi bondeni kuokota mabati yao.

Kambi ya kwanza inangoja mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi maskini zilizoumizwa na tabianchi, uliokubaliwa kwenye mkutano wa dunia wa Sharm el-Sheikh 2022. Nami naungoja. Ila fedha hizo zikifika, zitapitia ofisi zilezile zinazogonga muhuri ramani za majengo ya kando ya mto.