Hoja ya mchwa

Mjadala wa kurudisha vitu vyetu vya mbao kutoka makumbusho ya Ulaya ukishakuwa mgumu, lazima mtu atoe hoja ya mchwa. Mara ya mwisho niliisikia Old Moshi, msibani, tumekaa chini ya migomba baada ya maziko. Kwetu kule bado tunasubiri kichwa cha Mangi Meli, chifu wetu aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, kwa hiyo Ujerumani haikai mbali na mazungumzo. Kijana mmoja msomi akasema: "Wakiturudishia hizo ngoma na vigoda, miaka kumi havipo. Mchwa watamaliza. Kule vimekaa zaidi ya miaka mia na havijatoboka." Wazee wakanyamaza. Baba mdogo alitikisa kichwa tu, akaendelea kuchezea fimbo yake.

Kijana hakusema uongo. Mbao ni chakula cha wadudu, na sisi wenyewe hatukutunza vingi. Chukueni mregho, fimbo ya alama ambayo Mchagga aliyetoka jandoni alifundishwa nayo: mzee anagusa alama, anaimba somo lake, anahamia inayofuata. Dini mpya ilipoingia, mafunzo yale yakafifia. Sehemu kubwa ya tunachojua leo kuyahusu tunakipata kwa Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, akachapisha mafundisho hayo katika juzuu 3 kati ya 1932 na 1938. Anayesema wageni walituhifadhia ana pa kusimamia. Ila tazameni kilichohifadhiwa ni nini: maneno. Leo ukimpa kijana wa Kibosho mregho wenyewe bila mzee wa kuuimba, ataona fimbo yenye makovu.

Bibi yangu alikuwa na kinu cha mringaringa. Nakikumbuka kwa ule mdomo wake uliolika upande mmoja, upande aliosimama yeye, na kwa kitako kilichokuwa kimeoza hadi ukikigonga kinatoa vumbi la njano. Kilipopasuka hakuna aliyelia. Babu alikata gogo la mringaringa mwingine pale pale kihambani, akachonga kipya wiki ile ile, na wajomba wawili wadogo wakakaa kumtazama anavyoshika tezo. Kile cha zamani kikawa kuni. Hivyo ndivyo vinu vilivyodumu kwetu miaka yote: kimoja kinakufa, mkono unaojua kuchonga unabaki.

Na vipo vitu ambavyo kuoza kwake ndiyo kazi yake. Vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya ni nguzo za mbao zilizochongwa, zinazosimikwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha wazee cha Gohu. Kigango hakiondolewi. Familia ikihama, huachwa pale pale, mvua ikiloweshe, mchwa wakile, kirudi udongoni pamoja na aliyesimikiwa. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Viwili kati yake vilikuja kuonekana Marekani, kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois na kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, na mwaka 2007 vikarudishwa nyumbani. Miaka yote hiyo vilikuwa vikavu, safi, havina tundu hata moja. Kwa familia ile, huo usafi ndio uliokuwa msiba.

Sasa tuulize wadudu wa Ulaya walizuiwa kwa kitu gani. Hapa ndipo ningetaka kijana wetu akae kidogo. Fukusi wapo Berlin na Chicago pia, na wanapenda mbao kama wa hapa. Kuanzia karne ya 19 makumbusho mengi yalipaka au kunyunyizia makusanyo yao aseniki na chumvi za zebaki, na baadaye DDT. Siku hizi wanagandisha vitu kwa baridi kali au kuvifungia ndani ya gesi ya naitrojeni hadi mdudu akose hewa, lakini sumu ya zamani haikuondoka. Imo ndani ya nyufa, imo kwenye kamba na ngozi zilizofungwa juu ya mti. Wahopi, wenyeji asilia wa Arizona, Marekani, walirudishiwa vitu vyao vitakatifu katika miaka ya 1990, kisha ikagundulika vina aseniki, vitu ambavyo kwa desturi yao huvaliwa usoni na kulishwa kama viumbe hai. Fikiria ngoma ambayo haipigwi kwa kiganja. Fikiria kata ambayo mjukuu hawezi kuonjea mbege. Mdudu alikatazwa kuila, na sisi tumekatazwa kuigusa. Hesabu hii haimo kabisa kwenye hoja ya mchwa.

Sisemi kila mbao iachwe ioze. Mwaka 2021 Ufaransa iliirudishia Benin vitu 26 vya kifalme vya Abomey vilivyoporwa mwaka 1892, na mle mna sanamu ya mbao ya mfalme Béhanzin akiwa nusu mtu nusu papa. Hiyo ilichongwa itazamwe na vizazi, inastahili paa zuri na fundi anayejua kazi. Wa kusema kipi ni kinu na kipi ni Béhanzin ni wenye nacho, wala si mwenye stoo.

Siku wajumbe wetu watakapokwenda kukagua maghala ya huko, nashauri wamchukue mzee mmoja wa ukoo na mtaalamu mmoja kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kabla ya orodha ya vitu waombe orodha ya dawa zilizotumika. Tulipokuwa tunaondoka msibani nilimweleza baba mdogo habari ya aseniki. Alisimama njiani, akaniuliza: "Kwa hiyo wakikileta kigoda cha babu yangu, nitakikalia, au nitavaa glavu nikiangalie?"