Kuihama COMESA: hesabu ambayo Tanzania haijaifunga

Tanzania ilitoka rasmi katika Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, COMESA, Septemba 2000, baada ya kutoa taarifa ya mwaka mmoja kama mkataba unavyotaka. Wiki chache baadaye, tarehe 31 Oktoba, wanachama tisa walifungua eneo huru la biashara, yaani kuuziana bidhaa zao bila ushuru wa forodha: Djibouti, Kenya, Madagascar, Malawi, Mauritius, Misri, Sudan, Zambia na Zimbabwe. Ubishi juu ya uamuzi ule haujaisha hadi leo. Wapo wanaosema tulijifungia nje ya soko kubwa. Wapo wanaosema tuliokoa mapato na viwanda, na kwamba SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatutosha.

Tuanze na mapato, maana ndiyo hoja iliyotajwa zaidi. Chukua mzigo kutoka Misri wenye thamani ya shilingi milioni 100 ukifika bandarini, gharama za meli na bima zikiwa ndani. Bidhaa iko kwenye daraja la asilimia 25 la ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki. Ushuru ni milioni 25. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18 inapigwa juu ya milioni 125, yaani milioni 22.5. Jumla 47.5, tukiacha tozo ndogondogo. Mzigo huohuo ukiingia bila ushuru, VAT inabaki milioni 18. Serikali inaonekana kupoteza milioni 29.5, lakini mwagizaji aliyesajiliwa hudai VAT yake anapouza, kwa hiyo hasara halisi iko karibu na ile milioni 25 ya ushuru. Si fedha kidogo, hasa kwa nchi ambayo mwaka 2000 ilikuwa na VAT ya miaka miwili tu na makusanyo yake yalitegemea sana forodha.

Hoja nzito zaidi ya waliotetea kutoka ilikuwa Kenya. Eneo huru la COMESA lilidai sifuri kwa sifuri: bidhaa ya kiwanda cha Nairobi ingeingia Dar es Salaam bila ushuru kuanzia siku ya kwanza. Afrika Mashariki ilikuja na mpango mpole. Umoja wa forodha ulipoanza Januari 2005, bidhaa za Tanzania na Uganda ziliingia Kenya bila ushuru papo hapo, wakati bidhaa kadhaa za Kenya ziliendelea kutozwa zikija huku, kiwango kikishuka mwaka hadi mwaka mpaka 2010. SADC nayo ilianza kutekeleza itifaki yake ya biashara Septemba hiyohiyo ya 2000, na eneo lake huru likafunguliwa 2008. Ukijumlisha, viwanda vya Tanzania vilipata kati ya miaka minane na kumi ya kujipanga ambayo COMESA haikuwa tayari kuitoa.

Hapo ndipo utetezi unapokwama, kwa sababu Uganda ilipata unafuu uleule bila kutoka. Ilibaki mwanachama wa COMESA, ikakataa kuingia eneo huru kwa zaidi ya miaka kumi, ikatoa punguzo tu la ushuru badala ya sifuri. Ethiopia nayo ilibaki ndani kwa punguzo dogo zaidi. Hakuna aliyewafukuza. Hata aliyekuwa ndani kabisa alikuwa na mlango wa dharura: Kenya iliomba kinga ya kuwekea mipaka sukari inayotoka kwa wenzake mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaongezewa muda mara kwa mara kwa miaka zaidi ya ishirini. Kwa hiyo hoja ya mapato na viwanda inaeleza vizuri kwa nini tusiingie eneo huru. Haielezi kwa nini tuuache uanachama.

Upande wa pili nao hukuza mambo. Ukisikia orodha ya nchi ishirini na moja za COMESA ikitajwa kama soko tulilopoteza, uliza ni zipi hasa. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi tunazifikia kwa Afrika Mashariki. Zambia, Malawi, Zimbabwe, Mauritius na Madagascar tunazifikia kwa SADC. Kongo kwa miaka mingi haikuwa inatekeleza eneo huru lolote, na tangu 2022 iko nasi Afrika Mashariki. Soko kubwa linalobaki ni Misri, pamoja na Sudan, Libya na majirani zao. Taasisi nazo hatukuzipoteza zote: Tanzania bado ni mwanahisa wa TDB, benki ya biashara na maendeleo ya kanda iliyokuwa PTA Bank, na lori linalotoka Dar kwenda Lusaka bado linatumia Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya gari inayotambuliwa nchi zaidi ya moja.

Basi hasara iko wapi? Kwenye masharti ya uasili wa bidhaa, yaani ya kuamua bidhaa ihesabiwe imetengenezwa wapi, mahali ambapo wanasiasa hawafiki. Chukua shati lililoshonwa Dar kwa kitambaa cha China. Gharama ya kiwandani ni shilingi 10,000, na vitu vilivyoagizwa nje, kitambaa, vifungo na uzi, ni 6,000. Thamani iliyoongezwa hapa ni asilimia 40. Kigezo cha COMESA ni asilimia 35, kwa hiyo lingepita. SADC haiangalii asilimia kwenye nguo. Inataka hatua mbili: uzi ufumwe kuwa kitambaa ndani ya kanda, kisha kitambaa kishonwe. Shati letu linafeli na linalipa ushuru kamili Zambia, wakati la Mkenya aliyetumia kitambaa kilekile linapita bure kwa cheti cha COMESA. Zambia iko kote kuwili, ndiyo maana tofauti inauma hapo kuliko kwingine.

Mfanyabiashara mdogo aliumia kwa namna nyingine. Mwaka 2010 COMESA ilianzisha utaratibu rahisi kati ya Zambia, Malawi na Zimbabwe: bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani chini ya kiwango fulani, huvuka kwa fomu fupi inayojazwa mpakani. Tunduma na Nakonde, mpaka wenye pilikapilika kuliko mingi, ukaachwa nje kwa kuwa upande mmoja si mwanachama. Mama mwenye magunia matatu ya mchele akitaka unafuu wa SADC alihitaji cheti kamili cha uasili chenye muhuri. Cheti hicho nacho hukwama kwa sababu za kawaida kabisa: aliyetia saini kabadilika na kielelezo cha saini yake hakijawafikia forodha wa Zambia, au namba ya forodha ya bidhaa kwenye cheti haifanani na ya ankara. Wengi huona nafuu kupita njia ya panya, na huko hakuna ushuru wala takwimu.

Gharama ya tatu iko ndani ya Afrika Mashariki yenyewe. Bidhaa ya Misri inaingia Mombasa bila ushuru kwa COMESA, ya Afrika Kusini inaingia Dar bila ushuru kwa SADC. Umoja wa forodha ungetakiwa kuruhusu bidhaa ikishalipiwa mara moja izunguke. Haiwezekani, kwa sababu ikivuka mpaka wa Kenya na Tanzania pale Namanga lazima iulizwe ilikotoka. Sehemu ya mivutano ya Namanga na Holili chanzo chake ni hiki, ingawa magazeti huipa sura ya ugomvi wa majirani.

Je, turudi? Naona faida ya kurudi leo ni ndogo kuliko ilivyokuwa 2001. Mkataba wa utatu wa COMESA, Afrika Mashariki na SADC ulisainiwa Sharm el-Sheikh Juni 2015 na kuanza kutumika Julai 2024, baada ya nchi 14 kuuridhia. Tanzania haikuwa miongoni mwa hizo 14, wakati Kenya, Uganda, Zambia na Misri zilikuwamo. Kwa Misri ipo pia njia ya AfCFTA, eneo huru la biashara la Afrika nzima, ambako nchi zote mbili zilikuwa kwenye kundi la majaribio la 2022, ingawa kwa nchi zenye maendeleo duni kama Tanzania sehemu kubwa ya ushuru hushuka polepole kwa miaka kumi. Kuridhia utatu kunahitaji kura ya Bunge na jedwali la ushuru lililokubaliwa na wenzetu wa Afrika Mashariki. Kurudi COMESA kunahitaji hayo yote, pamoja na michango ya uanachama.