Mungu asiye kigeugeu na maombi ya mvua

Januari ya Dodoma ina wiki zake mbaya. Mvua za Desemba zimeshaotesha uwele na mtama, kisha mbingu zinafunga. Wiki ya kwanza watu wanasema ni kawaida. Ya pili wanaanza kutazama juu. Ya tatu majani yanajikunja, na hapo ndipo makanisani matangazo ya maombi ya mvua yanapoanza kusomwa.

Katika mtaa mmoja wa Kianglikana upande wa Chamwino niliwahi kukaa ibada ya namna hiyo. Mwinjilisti alisoma Malaki 3:6, "Kwa kuwa mimi, Bwana, sina kigeugeu," akahubiri vizuri juu ya Mungu asiyeyumba. Hakuwa hata ameifunga Biblia alipotangaza siku tatu za kufunga ili Mungu aigeuze hali hii. Tulipotoka nje mama mmoja mkulima alimsogelea, akamuuliza taratibu: "Mwalimu, kama yeye hageuki, sisi tunafunga ili tumgeuze nani?" Mwinjilisti alicheka, akasema tutaliongea Jumatano.

Nimelibeba swali lile tangu siku hiyo, maana haliwahusu watu wa mtaa ule peke yao. Waanglikana wana Kanuni 39 za imani za mwaka 1571, na ya kwanza inasema Mungu hana mwili, wala viungo, wala mihemko. Kitabu chao cha Sala cha 1662 kina sala ya kuomba mvua. Wakatoliki nao, Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano mwaka 1870 ulitamka kwamba Mungu hawezi kubadilika kabisa, na Misale ya Kirumi ina Misa ya kuomba mvua. Kabati moja, vitabu viwili, na padri au kasisi anafungua chochote kati ya hivyo bila kuona mgongano.

Biblia yenyewe haimsaidii mwenye haraka. Katika 1 Samweli 15, aya ya 11, Mungu anasema, "Najuta kwa sababu nimemtawaza Sauli awe mfalme." Shuka hadi aya ya 29, sura ileile, Samweli anamwambia Sauli kwamba Nguvu ya Israeli, yaani Mungu, hatajuta, "kwa kuwa yeye si mwanadamu, hata ajute." Kiebrania kinatumia kitenzi kilekile mahali pote pawili. Mwandishi hakuwa amesahau aliyoandika juu ya ukurasa. Aliziweka kauli mbili karibu hivyo akijua msomaji atajikwaa.

Jibu la kale zaidi, na ambalo bado linafundishwa katika vyuo vingi vya theolojia, ni kwamba Mungu habadiliki hata kidogo, na pale anaposemwa amejuta au ameghairi, Maandiko yanatumia lugha yetu ya kibinadamu. Calvin, mwanamageuzi wa Kanisa wa karne ya 16, alisema Mungu hutusemesha kama mlezi anavyomsemesha mtoto mchanga. Toma wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alieleza kwamba anayebadilika ama anapata kitu alichokikosa ama anapoteza alichonacho, na Mungu aliye mkamilifu hana cha kuongeza wala cha kupunguza. Vipi kuhusu maombi? Toma anajibu kwamba hatuombi ili tuugeuze mpango wa Mungu. Tunaomba ili tupokee yale aliyopanga kuyatoa kwa njia ya maombi. Kwa lugha ya shambani: aliyepanga mavuno alipanga na jembe pia.

Huko vyuoni jibu hili linaweza kuonekana kavu. Hapa Ugogo lina kazi kubwa, na nadhani wanaolipuuza hawajakaa Dodoma msimu mzima. Mvua yetu, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, haigawanywi sawa. Wingu linaweza kulowesha shamba moja likaliacha la jirani na vumbi lake. Kama uamuzi wa Mungu hupinduka kwa wingi wa waombaji au ukali wa mfungo, basi aliyerukwa na mvua ana kosa, na wapo wahubiri wasioona haya kumwambia hivyo. Zamani mtemi wa Kigogo alikuwa na mawe ya mvua, na mvua ilipokatika watu walitafuta nani ameharibu au nani ameifunga. Kanisa lilisema limewatoa watu huko. Mhubiri anayesema mvua haikuja kwa sababu hatukufunga vya kutosha ameyarudisha mawe yaleyale, kayavisha kanzu nyeupe tu. Mbele ya mtu kama huyo, Mungu asiyeshinikizwa na yeyote ni kinga kwa maskini. Na Yesu amekwisha kusema, katika Mathayo 5:45, kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki.

Lakini jibu hilo lina gharama. Soma Kutoka 32. Watu wameabudu ndama, Mungu anamwambia Musa amwache awaangamize, Musa anakataa, anabishana, na aya ya 14 inasema Bwana "akaughairi ule uovu." Kama yote hayo ni lugha ya mlezi kwa mtoto, basi Musa alikuwa anacheza ngonjera ambayo mwisho wake ulishaandikwa, na mama wa Chamwino naye vilevile. Ndiyo maana mwaka 1994 kundi la wanateolojia wa Amerika Kaskazini, akiwemo Mkanada Clark Pinnock, lilidai kwamba kesho bado haijafungwa na kwamba Mungu huitikia kikweli. Kabla yao Mjerumani Jürgen Moltmann alikuwa ameandika kwamba Mungu asiyeweza kuteseka hawezi kupenda pia. Siwafuati wote hadi mwisho. Mungu anayesubiri kuona kesho itakuwaje pamoja nami hanipi usingizi. Ila pingamizi lao kuhusu Musa sijaona likijibiwa vizuri.

Tena, kutobadilika kwa mpango si sifa njema kila mahali. Kongwa, hukuhuku Dodoma, iko palepale. Waingereza walikuja na matrekta mwaka 1947 kulima karanga, ardhi ikawa ngumu kama saruji kiangazi, mvua haikutosha, na bado mpango ulisukumwa mbele. Mwaka 1951 ukafutwa. Nani angewasifu kwa msimamo?

Mimi naona ubishi huu umekwama kwa sababu pande zote mbili huuliza kama Mungu hubadilika bila kusema ni nini ndani yake kinachobadilika. Kiswahili kinatofautisha. Kigeugeu ni mtu ambaye huwezi kumtegemea: asubuhi yuko nawe, jioni kakuuza. Baba aliyeapa kumchapa mtoto, akamwona analia na kuomba radhi, akaitupa fimbo, hakuna anayemwita kigeugeu. Ameghairi, na ameghairi kwa sababu ni yuleyule. Sasa rudi kwa Malaki, umalizie aya ambayo wahubiri huikata katikati: "ndiyo maana ninyi hamkuangamizwa, enyi wana wa Yakobo." Uthabiti anaoutaja nabii ni uthabiti wa huruma. Kuhusu ratiba ya mambo hakusema neno.

Yona alilijua hilo kuliko wanateolojia wengi, na lilimuudhi. Katika sura ya 4 anakiri alikimbilia Tarshishi kwa sababu alijua Mungu ni mwingi wa rehema, tena hughairi mabaya. Kwake kughairi ni tabia ya Mungu ya siku zote, tabia ya kutabirika kiasi cha kumfanya nabii apande merikebu kukwepa.

Hata hivyo usomaji wangu huu unagonga mwamba mahali pamoja, nami sitauzunguka. Wazee wa Ugogo walirithishana habari za Mtunya, njaa kuu iliyoanza 1917. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha ukame ukaja juu yake. Maelfu walikufa. Kati yao walikuwamo walioomba. Mfuasi wa Toma ataniambia ndivyo ilivyoruhusiwa katika hekima isiyochunguzika, na wa Moltmann ataniambia Mungu alilia nao. La pili lina msalaba nyuma yake, pia lina Yohana 11:35, pale Yesu alipolia, kwa hiyo naegemea huko. Lakini ukimuuliza aliyezika watoto watatu, majibu yote mawili yanachelewa kufika. Huruma isiyobadilika ilikuwa wapi mwaka 1919? Swali hilo nimeliacha wazi kwenye daftari langu, na linabaki wazi.

Jumatano tulikuwa watu tisa. Mwinjilisti, nampa heshima yake, hakuleta jibu la kukariri. Alitusomea Kutoka 32 polepole, akatuonyesha kitu nilichokuwa nimekipita mara nyingi: Musa anapomwomba Mungu aghairi, hamwambii awe mwingine. Anamwambia, "Mkumbuke Ibrahimu." Anamshika kwa neno lake mwenyewe. Mama yule alisikiliza, akasema basi hilo anaweza kuomba, kukumbusha si kugeuza. Uwele wake alikuwa ameupanda mara ya pili, kwenye udongo mkavu.

Kisha tukasoma Yona hadi aya ya mwisho, pale Mungu anapouliza kama haifai kuuhurumia Ninawi, mji wenye watu zaidi ya mia na ishirini elfu, na wanyama wa kufugwa wengi. Mzee mmoja mfugaji aliyekaa karibu na mlango, ambaye hakuwa ameongea jioni nzima, akaomba aya hiyo isomwe tena. Ikasomwa.

"Kumbe," akasema, "na ng'ombe aliwahesabu."